Mti wa Kutazamia

Kwetu huku, magharibi ya Wisconsin, ruhusa ya kuwinda kwenye shamba la mtu huombwa mwezi wa nane, mlangoni mwa jikoni, kofia mkononi. Anayekuja mwezi wa tisa hupewa kahawa na pole. Anayekuja mwezi wa kumi huzungumza na mbwa. Mimi nilikwenda kwa Bi Ardis Solheim tarehe ishirini na moja ya mwezi wa kumi, nikiwa na miaka sitini na mmoja, na mbwa alinipokea vizuri sana.

Sikuchelewa kwa kupenda. Misimu thelathini na minne niliwinda kulungu kwenye shamba moja, lililokuwa la baba yangu, halafu langu, halafu la benki, halafu la daktari mmoja wa meno kutoka mjini, ambaye kwa miaka sita aliniachia niendelee kukaa juu ya mti wangu wa siku zote. Mwaka huo akapata mashemeji wanaopenda kuwinda. Aliniarifu kwa simu, kwa ile sauti laini anayoitumia kabla ya sindano. Nilipokwenda kuchukua dungu langu, lile jukwaa la kukalia mtini, kila nguzo ya uzio ilikuwa imegongomewa kibao cha kunikataza kuingia. Nguzo zenyewe nilizichimbia mimi.

Connie, mke wangu, aliniambia si lazima niwinde. Kweli si lazima. Si lazima pia mtu awe na meno. Lakini Jumamosi ya kufungua msimu, wilaya nzima ipo mitini kabla ya jua, na Jumapili kanisani kila mtu anaulizwa, "Ulikaa wapi?" Hawaulizi uliua nini. Wanauliza ulikaa wapi. Nilikuwa nimeshapoteza ng'ombe, zizi, na goti moja, na yote nimeyatania mpaka yakanyamaza. Hili la kukosa pa kukaa lilinishinda kulitania.

Bi Ardis alifungua mlango akamsukuma mbwa kwa mguu.

"Lyle Brekke," akasema. "Umechelewa miezi miwili."

"Nilikuwa nangoja mbwa wako azeeke."

"Ana miaka minne. Ingia, unaniingizia baridi."

Ana miaka sabini na saba, mfupi, mikono ya kukanda unga. Alinimiminia kahawa, akanikatia keki ya malenge, akaketi mbele yangu kama mtu anayetaka kuuza gari bovu. Sebuleni, mumewe Orlin alikuwa amesinzia kwenye kiti chake mbele ya televisheni, mdomo wazi, soksi moja ya buluu na moja ya kijivu.

"Shamba nitakupa," akasema. "Mwaka huu, na nikiridhika, mwakani na wa kuendelea. Lakini kuna kazi."

"Kazi naiweza. Nimekamua ng'ombe miaka thelathini."

"Hii haina maziwa." Akashusha sauti. "Ngazi ya Orlin. Ile ya kwenye mwaloni. Kaing'oe uende nayo kwako, nisiione."

Akanieleza. Mwaka uliopita Orlin alitoka asubuhi ya kufungua msimu kama alivyofanya tangu ana miaka kumi na miwili, akapanda mwaloni wake, akakaa. Saa nne hakurudi. Bi Ardis alipomfuata alimkuta juu, mzima, anatetemeka, kashika ukingo wa dungu kwa mikono miwili. Alikuwa amesahau kushuka. Kupanda mikono ilikumbuka, kushuka haikukumbuka. Alisimama chini kwa muda wa saa mbili na nusu akimwimbia nyimbo za kanisani, kwa sababu kila alipoacha kuimba mzee alianza kulia. Zimamoto ndio waliomteremsha.

"Bunduki nimeshaichomoa chuma chake cha ndani, kipo kwenye kopo la unga," akasema. "Ila ngazi siiwezi. Bolti zimeota kutu, na mimi ni mfupi."

"Na akiniuliza?"

"Umwambie hujui." Akasogeza keki karibu yangu. "Na mwaloni usiupande wewe. Miti mingine yote, chagua unayotaka. Ule ni wake."

Hilo hakuhitaji kuniambia. Kwetu dungu ni la aliyelifunga, hata kama ardhi si yake, hata kama yeye hayupo. Kukaa kwenye dungu la mtu ni kama kulala kwenye kitanda chake na buti miguuni.

Nikasema ndiyo. Nilimaliza na keki.

* * *

Shamba la mtu mwingine ni kama jikoni la mtu mwingine: vitu vyote vipo, hujui viko wapi. Lakini mimi nina kiburi cha mtu aliyesoma ardhi maisha yake yote, basi nikachora ramani nyuma ya kalenda ya duka la mbegu, nikaanza. Kaskazini, msitu mlimani, ambamo kulungu hulala mchana. Kusini, shamba la mahindi, ekari arobaini, bado yamesimama. Katikati, korongo refu linalokata shamba vipande viwili. Upepo wetu wa mwezi wa kumi na moja hutoka kaskazini magharibi. Kazi ni kupata mahali ambapo kulungu analazimika kupita akitoka kitandani kwenda mezani, na wewe uwe upande ambao upepo hauchukui harufu yako kumpelekea.

Nilitembea siku mbili. Nilifuata njia zao kwenye majani, nilihesabu miti iliyochubuliwa magome kwa pembe, nilipiga magoti kwenye mavi kama mtu anayesali. Kila mstari niliouchora ulikwenda mahali pamoja: kichwa cha korongo, ambapo msitu unabana hadi kuwa kama shingo ya chupa, na uzio wa jirani una seng'enge moja iliyolegea ambayo kulungu wameiruka mpaka imeng'aa. Nikafika pale nikiwa najisifu kimoyomoyo. Nikainua macho. Nikakuta mwaloni, na juu yake dungu la mbao za zizi la zamani, limetulia kama kiota, na ngazi ya chuma imefungwa shinani kwa bolti kumi na nne.

Miaka sitini na kitu kabla yangu, Orlin alikuwa ameshamaliza hesabu.

Jumanne, Bi Ardis alipompeleka kwa kinyozi, niliing'oa. Kazi ilinila saa tatu nzima, na bolti mbili nilizikata kwa msumeno. Nilipoitoa, gome chini yake lilikuwa jeupe na laini, kama ngozi chini ya saa ya mkono. Ngazi nikaitia nyuma ya gari, nikaificha kwangu chini ya boti iliyopinduliwa. Connie aliuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kupandia mbinguni, nimepata moja tu, yeye atafute ya kwake.

Dungu langu nililifunga kwenye mcheri mwitu upande wa pili wa korongo, hatua mia mbili na hamsini kutoka mwaloni. Hapakuwa mahali bora kabisa, ila hesabu ilikubali: njia moja nzuri ya kulungu ilipita chini yake kuelekea kwenye mahindi. Niliridhika, au niliamua kuridhika.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nakata matawi yanayoziba macho, nikasikia mtu anakohoa chini. Orlin. Koti lake la kahawia la zizini, kofia nyeupe ya sufu, mikono nyuma.

"We kijana," akasema. "Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Selmer Brekke, Mzee."

"Selmer!" Akacheka mpaka akashika goti. "Selmer alikuwa hana tumbaku hata siku moja. Ana kiberiti tu. Kiberiti chake, tumbaku yako!"

"Ndiye huyohuyo."

"Sasa unafanya nini kwenye mcheri wangu?"

"Natafuta kulungu."

"Huko juu hawapo. Mimi nimewaona wakitembea chini."

Nikashuka, tukazunguka naye. Mtu asiyekumbuka kama amekunywa chai alinionyesha shamba lile kama anavyokuonyesha mtu kiganja chake. Hapa majike hupita saa moja na nusu, si kabla. Hapa dume mkubwa hapiti kamwe, anaogopa mwangwi. Asubuhi ya baridi, akasema, upepo wa angani usiusikilize, sikiliza korongo: hewa baridi inateremka humo kama maji, na harufu yako inateremka nayo mpaka puani mwao.

"Utakaa kule kwenye mcheri, watakunusa kabla hujafungua chupa yako ya kahawa," akasema.

"Lakini upepo ni wa kaskazini magharibi, Mzee. Na njia yao ya kwenda kwenye mahindi ni ile pale."

"Mahindi yapi?"

"Hayo."

Akayatazama. "Haya hayatakuwepo."

"Yatakuwepo. Mashine ya mvunaji imekatika mkanda, kasema mwenyewe, mpaka baada ya msimu."

Orlin akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anayemrudisha mtoto darasa la kwanza.

"Mcheri ni mti wa kutazamia," akasema. "Mama yangu alikuwa akikaa chini yake na chai, anatutazama tukiwinda. Utaona kila kitu. Hutapata kitu." Akatembea kidogo, akasimama. "Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Selmer Brekke."

"Selmer! Kiberiti chake, tumbaku yako!"

Nilicheka, na kicheko kilikuwa cha kweli. Halafu tukafika kwenye mwaloni, na yeye akaweka kiganja pale palipokuwa peupe.

"Umeiona ngazi yangu?"

"Hapana, Mzee."

"Ilikuwa hapa."

"Sijui, Mzee."

"Mtu ameichukua," akasema taratibu, akivitia kidole vishimo vya bolti kimoja kimoja. "Tena ana spana nzuri."

* * *

Alhamisi, siku mbili kabla ya kufungua msimu, mkanda wa mashine ukapatikana. Nilikuwa narudi kutoka kazini, kwenye kiwanda cha jibini, nikaona vumbi juu ya mlima. Kufika jioni, ekari arobaini za mahindi zilikuwa mabua mafupi, na njia yangu nzuri ya kulungu ilikuwa inaelekea mahali ambapo hapana kitu. Kuhamisha dungu siku ya mwisho hakufai. Utaacha jasho lako msitu mzima, na kulungu hawasahau kabla ya Jumamosi. Nikapika mayai, nikayala nimesimama.

Jumamosi nilikuwa mtini nusu saa kabla ya mwanga. Sakitu imeganda kwenye mabua, pumzi yangu inatoka nyeupe, na sikuhitaji kukisia inakwenda wapi: ilizama, ikateremka korongoni, polepole, kama alivyosema. Dakika kumi baadaye jike mmoja kule chini alipiga chafya ile yao ya kuonyana hatari, akakimbia mkia juu, na wenzake wanne wakamfuata. Nilikuwa sijafungua chupa ya kahawa.

Bunduki zikaanza kwa majirani. Kwanza mbali, halafu karibu, halafu ng'ambo ya uzio palepale, watu watatu au wanne, sikuwaona, niliwasikia tu. Na kulungu waliotimuliwa huko wakaanza kuja, mmoja mmoja, wawili wawili, wakaruka seng'enge iliyolegea, wakapita chini ya mwaloni mtupu. Nilihesabu kumi na saba. Hatua mia mbili na hamsini, kupitia matawi, kwa macho yangu ya miaka sitini na mmoja: wa kutazama tu. Halafu akaja dume ambaye sitasema pembe zake zilikuwa na ncha ngapi, maana hakuna anayeniamini. Akasimama chini ya dungu la Orlin, akajikuna shavu kwenye shina, palepale penye gome jeupe.

Nilikuwa bado nalaani mahindi nilipomwona Orlin.

Alikuwa anakuja kwa mwendo wake wa zizini, kando ya korongo, mkono mmoja umeshika bunduki isiyoweza kupiga. Koti la kahawia. Kofia nyeupe. Asubuhi ile, ambayo kila mtu mwenye akili amevaa rangi ya chungwa kichwani na kifuani, na hata leso nyeupe huachwa nyumbani, maana cheupe kinachotikisika kwenye kichaka ndicho hasa kila bunduki inachokingojea: mkia wa kulungu. Na uzio wa jirani ulikuwa nyuma yake, hatua arobaini.

Nikapiga kelele. Kwetu hakuna apigaye kelele asubuhi hiyo, ni kama kupiga mluzi kanisani, lakini nilipiga. "Mzee! Lala chini! Mzee Orlin!" Dume akaondoka. Orlin hakugeuka. Sikio lake la kushoto lina kifaa cha kumsaidia kusikia, na kifaa, nilijua kama nilivyojua jina langu, kilikuwa kwenye sahani kando ya kitanda.

Nikainuka kushuka. Bunduki nikaiacha kwenye kulabu, nikaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi yangu, sakitu imekilainisha kama siagi, goti langu bovu likafanya linalolifanya siku zote. Nikaanguka kiasi cha mita moja. Mkanda wa usalama, ambao Connie alininunulia na mimi nikamcheka, ukanidaka. Ukanigeuza. Nikabaki nimening'inia mgongo kwenye mti, uso kwenye korongo, miguu inachezacheza hewani kama ya mbuzi anayepimwa uzito.

Sikufikia ngazi. Sikufikia tawi. Kamba ilipita nyuma ya shingo, kisu kilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali, na suruali ilikuwa ndani ya suruali nyingine. Simu ikaanza kutetemeka kifuani, chini ya mikanda. Nilijua ni Bi Ardis. Ikatetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Kwa mbali nikamwona ametoka uani na aproni, mkono juu ya macho, anaita. Hata sauti yake haikufika.

Sikuwa na la kufanya ila kutazama. Orlin akafika kwenye mwaloni. Akaegemeza bunduki, akainua mguu kuweka kwenye kipandio cha kwanza, mguu ukakanyaga hewa. Akainua tena. Akazunguka shina, labda ngazi iko upande ule. Akarudi. Akainua mguu. Kila bunduki ilipolia ng'ambo nilifunga macho, na kila nilipofungua nilitafuta kofia nyeupe. Ilikuwapo. Inazunguka. Nilijaribu kuimba, eti, wimbo wa kanisani, kwa sababu sikuwa na kingine kilichobaki kujaribu, na nikagundua sijui ubeti wa pili.

Mwishowe akachoka, akaketi chini, mgongo kwenye shina. Jike mmoja na mwanawe wakaruka uzio, wakamkuta hapo, wakasimama hatua nane kutoka kwake. Orlin hakushika bunduki. Waliangaliana wote watatu muda mrefu.

Kisu nilikipata baada ya dakika ishirini, au hamsini. Nilikata, nikadondoka, kifundo cha mguu kikalia. Nikavuka korongo kwa mguu mmoja na magoti, nikimlaani kila mtu ninayemjua kwa jina, nikaanza na langu. Nikafika nikamvua kofia ile nyeupe, nikamvika yangu ya chungwa, nikamvalisha na kizibao changu juu ya koti. Alikubali kama mtoto anayevalishwa kwenda shule.

"Mtoto wa nani wewe?" akaniuliza.

"Wa Selmer," nikasema. Pumzi ilikuwa hainitoshi.

"Selmer. Kiberiti chake." Hakucheka safari hii. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wameniibia ngazi, unajua?"

"Najua, Mzee."

"Mwaka huu sikukaa. Watu wataniuliza kesho nilikaa wapi. Niwaambie nini?"

Nilikuwa nina jibu la mzaha kwa kila swali tangu nikiwa na miaka saba. Nikayaacha yote, nikaketi kando yake.

"Waambie ulikaa kwenye mwaloni," nikasema. "Umekaa. Umeuegemea."

Akafikiri. "Chini yake."

"Chini yake ni kwake."

Akanipigapiga paja. "Wewe kijana mzuri. Ukimwona mwizi, mwambie sina ugomvi naye. Arudishe tu usiku, asigonge."

* * *

Bi Ardis alitupokea uani, akamshika mumewe mashavu kwa mikono yenye unga, akamwingiza ndani, akamketisha, akamvua buti. Ndipo akanitazama mimi: kifundo kimevimba, mikanda iliyokatika inaning'inia. Alikata keki.

"Ningekuwa sijaitoa," nikaanza kumwambia kwa sauti ya chini, "angalau angekuwa juu, wangemwona…"

"Angekuwa juu, na mimi chini naimba," akasema. "Hakuna upande mzuri, Lyle. Nimeutafuta." Akajifuta mikono. "Mwakani uje mwezi wa nane. Kama watu."

Basi nikawa nimepata shamba. Kile nilichokwenda kuomba kofia mkononi nilikuwa nimekipata, nipo jikoni nimekaa nacho, na keki juu yake, nikaisogeza sahani pembeni.

Jumapili kanisani waliniuliza nilikaa wapi. Nikasema, kwa Solheim, kwenye mcheri. Orlin alikuwa nyuma yangu na kofia yangu ya chungwa, hakukubali kuivua hata wakati wa sala. "Mcheri!" akawaambia watu. "Ule ni mti wa kutazamia!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tangu hapo naenda kwa Orlin kila Jumamosi. Ananingoja mlangoni amevaa. Ananiuliza mimi mtoto wa nani, namwambia, anacheka, halafu tunatoka kutafuta ngazi. Tumeshapekua zizi, ghala la nyasi, nyuma ya tangi la maziwa, na korongo lote mpaka kwenye kijito. Ananishika mkono kwenye barafu. Mara moja moja husimama barabarani, akaelekeza kidole kusini, upande wa kwangu, iliko boti, akasema, "Kule bado hatujaangalia."

"Kule tuliangalia, Mzee," namwambia. "Wiki iliyopita."

"Ehee," anasema, na tunageuka.